Posa ya Magari Mawili

Nchi ya Neema Tele msiitafute kwenye ramani. Mimi mwenyewe niliitafuta nikaikosa, nikashukuru, kwa sababu mambo yaliyotokea huko yangetokea hapa kwetu sijui nyuso zetu tungeziweka wapi. Kwetu hayawezi kutokea, kila mtu anajua hivyo. Kwa hiyo nayasimulia kwa moyo mweupe, simlengi mtu, na atakayejiona humu ajue kajipeleka kwa miguu yake.

Basi huko Neema Tele kulikuwa na Wizara ya Ndoa, na kulikuwa na Wizara ya Usafirishaji. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, ambaye ni mtu wa kubana matumizi, hata ndege yake ina kitanda kimoja tu, aliona wizara mbili ni nyingi. Akaziunganisha. Ikazaliwa Wizara ya Ndoa na Usafirishaji. Wale wa Usafirishaji wakastaafishwa kwa manufaa ya umma, wale wa Ndoa wakabaki. Sasa watu wa Ndoa walikuwa wanajua kazi moja tu duniani, nayo ni kuozesha. Walipoletewa majalada ya magari walitazamana, wakakuna vichwa, halafu wakafanya wanachokijua. Tangu siku hiyo katika nchi ile mtu hanunui gari. Gari linaleta posa.

Msicheke, nchi za watu zina taratibu zake. Sheria inasema magari yapose mawili mawili, ya aina mbili, ili familia ilinganishe. Kila moja hukaa kwa familia kwa muda wa fungate, ambayo kijadi ni siku saba ila bajeti iliikata ikabaki tatu, likisindikizwa na kungwi wa Serikali anayefundisha siri zake. Fungate zikiisha, familia humnong'oneza mshenga imechagua lipi, naye mshenga hulitamka mbele ya kikao. Mnunuzi mwenyewe hatii neno. Anakaa nyuma ya pazia kama mwari, na kaulimbiu ya Wizara, iliyochapwa hadi kwenye kanga, ni MWARI HASEMI.

*

Mambo yangeendelea polepole kama kawaida ya nchi ile, lakini Mheshimiwa Mlezi akasafiri ng'ambo. Huko akapandishwa gari la umeme. Gari lilikuwa kimya mno, Mlezi akalala usingizi ambao hajaupata tangu aingie madarakani. Alipoamka alisema ameona njozi: taifa zima limelala hivyo.

Aliporudi alipiga marufuku petroli na dizeli. Magari yote yanayokohoa, akaagiza, yazikwe, tena kwa heshima zote, maana nchi ile haina tabia ya kuwatupa watumishi wake. Shimo likachimbwa kiwanja cha zamani cha mpira. Mabasi yalizikwa kwanza, bendi ikipiga, na wananchi wakatangaziwa kwamba mabasi ya umeme yako njiani. Mpaka leo yako njiani. Yamepita njia gani hiyo ndefu, wenye akili hawaulizi.

Pamoja na mabasi ilizikwa sedani moja ya rangi ya maziwa, mali ya Bi Tamima Bahero.

*

Bi Tamima alikuwa mpishi wa shughuli. Kila harusi ya mtaa wa Mwembeni pilau lake lilikuwapo, na mtu akisema fulani kaolewa, yeye alikumbuka kwanza nyama ilikuwa ya ng'ombe au ya mbuzi. Mumewe Machano alikuwa seremala, bingwa wa vitanda na bingwa wa maskhara, mpaka figo zake zilipomgomea. Tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi ilibidi avushwe Mlima Subira hadi hospitali iliyo ng'ambo yake, damu ipitishwe kwenye mashine isafishwe, arudi. Akikosa siku moja, miguu huvimba. Akikosa mbili zinazofuatana, daktari alianza kumweleza Bi Tamima kitakachotokea, akaishia katikati ya sentensi, akaangalia dirishani.

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa Bi Tamima, hakuna lingine. Wengine walitaka gari la kuwarusha roho majirani. Yeye alitaka mume.

Kwa wakati huo walikuwa wakisaidiwa na jirani, Mzee Kheri, mwenye pikapu kuukuu ambayo hakuipeleka kaburini. Aliificha uani chini ya makuti, na kila Jumatatu na Alhamisi aliifufua. Lakini wakaguzi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakinusa, na wote walijua siku za pikapu zinahesabika. Bi Tamima akapeleka Wizarani maombi ya kuposwa.

Akaulizwa mshenga wake nani. Sheria ya huko inataka mshenga awe mtumishi wa Wizara, na juu ya hayo awe ndugu wa damu wa mnunuzi, kwa sababu Wizara ilifanya utafiti wa kina ikagundua kwamba ndugu hamsaliti ndugu. Wengi walihangaika kutafuta ndugu wa namna hiyo. Bi Tamima alicheka kwa raha. Anaye Sudi.

Sudi alikuwa mdogo wake, kitinda mimba. Wazazi walipofariki Sudi alikuwa bado anasumbuliwa na meno ya utoto, na Tamima akaacha shule akakaa barabarani na karai la vitumbua. Kwa vitumbua hivyo Sudi alivaa, akasoma, akafika mpaka Wizarani, mshenga wa daraja la tatu, suti moja ya kijivu na viatu vinavyolia. Hata alipokuwa mtu mzima, Bi Tamima akipika kitu kizuri alimwekea Sudi sahani na kuifunika, aje asije.

Jioni aliyokuja kula na kupokea kazi, dada yake alimweleza kwa lugha nyepesi. Alimwambia, "Sudi, sitaki linalong'aa. Nataka linalokwenda na kurudi. Shemeji yako umemwona."

Sudi alimwona. Akaweka kijiko chini akasema dada hilo aliache kwake, atalibeba kichwani.

*

Magari yalikuja Jumatano jioni na barua zao, zikasomwa barazani kwa sauti ya mnada.

La kwanza lilikuwa la umeme mtupu, jeupe, jina lake Radi. Barua yake ilisema hivi: "Sisi ukoo wa Radi, wenye asili ya betri, tusio na moshi wala jamaa wa moshi hadi kizazi cha babu wa babu, tumepita kwenu tukaona nafasi ya kuegesha, tukaipenda." La pili lilikuwa mseto, la buluu, linalokula umeme na kunywa petroli. Serikali iliruhusu machache ya aina hiyo kwa shingo upande, yaitwe magari ya mpito, na yauziwe petroli kwa kibali kwenye pampu moja nyuma ya kituo cha polisi. Barua ya Mseto ilikuwa fupi na ya unyonge. Ilikiri kwamba upande wa mama ni petroli, ikaomba isihukumiwe kwa ukoo.

Kungwi aliyeletwa aliitwa Bi Somoe. Alikuwa mwanamama wa mwili uliotosha kiti na nusu, amejifunga kanga ya Wizara, na alikuwa amefundisha wanawali wa mji huo kwa miaka mingi. Gari hajawahi kuendesha. Aliposhika zamu ya Radi alimkalisha Bi Tamima mkekani akamfundisha kwamba gari la umeme halitaki pupa, halitaki kufokewa asubuhi, na ukiliacha peke yake muda mrefu linanuna. Bi Tamima alipouliza likichajiwa likajaa linakwenda mpaka wapi, Bi Somoe alimpiga kofi jepesi mkononi. Hayo mwari haulizi, alisema, atayaona mwenyewe.

Na aliyaona. Niwe mkweli, na Bi Tamima alikuwa mkweli kuliko mimi: Radi lilikuwa gari. Viti vipana, watoto watatu wa nyumba ile walikaa nyuma bila kukanyagana, sufuria la pilau la watu mia liliingia kwenye buti na mwiko wake. Likiondoka halina hata mguno. Alhamisi walipopanda nalo Mlima Subira, Machano, aliyelazwa kiti cha mbele, alisema gari limetulia hivi hadi anasikia mkewe anavyowaza, na anavyowaza si vizuri. Bi Tamima alicheka. Alikuwa hajacheka mlimani hapo tangu ugonjwa uanze.

Shida haikuwa ya gari. Shida ilikuwa umeme. Nchi ya Neema Tele ina umeme mwingi sana, ila umeme wenyewe hupewa mapumziko, kama mtumishi mwingine yeyote. Usiku wa kuamkia Alhamisi hiyo Radi lilipata chaji nusu, mapumziko yakaingia. Hospitalini palikuwa na kituo cha kuchaji kizuri, Waziri alikikatia utepe mara mbili kwa sababu mara ya kwanza kamera ilikwama. Kituo hicho kilikuwa kinakula umeme wa jenereta la dizeli lililofichwa nyuma ya ukuta na kupakwa kijani. Na dizeli, mnakumbuka, imezikwa.

Kwa hiyo wakati wa kurudi, katikati ya mpando, Radi lilipunguza mwendo kwa adabu, likasimama. Jua lilikuwa la saa nane. Machano ametoka mashineni, hana nguvu ya kushikilia kichwa chake. Bi Tamima alimpepea kwa kanga hadi mkono ukafa ganzi, naye Bi Somoe akashauri waliimbie. Mwishowe alikuja Mzee Kheri na pikapu yake haramu, akalifunga Radi kamba, akalivuta taratibu mpaka Mwembeni. Katika taarifa yake ya fungate kungwi alieleza kwamba gari limerudi bila kutumia umeme hata kidogo.

Ikaja zamu ya Mseto. Hilo nyuma lilikuwa jembamba, watoto waligombea magoti. Buti liliingia sufuria dogo, kubwa likakataa. Petroli ikiamka linatoa kikohozi cha chini chini, na kila likikohoa Bi Somoe aliangalia pembeni kwa aibu. Lakini Jumatatu lilipanda mlima, na kwenye mteremko wa ng'ambo likajikusanyia umeme lenyewe, bila kituo, bila utepe. Likasubiri mgonjwa asafishwe. Likapanda tena, likashuka, likaingia uani saa ambayo Machano bado anaweza kula uji kwa mkono wake.

Bi Tamima hakuamini. Siku ya pili yake aliondoka nalo peke yake, hana mgonjwa, hana safari, akavuka mlima akageuza akarudi, kusudi ajue kwamba ile ya jana haikuwa bahati. Alipolizima uani hakuteremka. Alikaa na mikono juu ya usukani akalia, kilio cha mtu aliyebeba mzigo mbali na sasa ameambiwa hapa tua.

Sudi alipokuja alimwambia Mseto. Akamrudishia neno mara ya pili, na Sudi akalitamka baada yake kama mtoto wa chuoni: Mseto. Akala wali wote uliokuwa umefunikwa.

*

Siku ya kikao ukumbi wa Wizara ulipambwa mabua ya mpunga, ambayo hayahusiani na magari wala ndoa lakini yalikuwapo stoo. Waziri alikaa kwenye kiti kirefu. Wapiga vigelegele, ambao ni watumishi wa kudumu wenye likizo na bima, walisimama ukutani. Bi Tamima akawekwa nyuma ya pazia, Bi Somoe pembeni yake.

Kwanza yalisomwa masharti ya ridhaa. Mwari akinyamaza, ameridhia. Akilia, hayo ni machozi ya furaha. Akikohoa, ameridhia kwa haya. Akisema hapana, hiyo ndiyo ridhaa kubwa kuliko zote, kwa sababu inaonyesha malezi mema. Bi Tamima alisikiliza bila wasiwasi. Masharti hayo yalikuwa ya watu wasio na ndugu.

Sudi akaitwa. Viatu vikalia kuelekea mbele. Alikohoa kidogo, akashukuru Wizara, akamshukuru Waziri, akamshukuru Mlezi, halafu akasema, "Baada ya ulinganisho wa kina, dada yangu Tamima binti Bahero ameridhia Radi."

Bi Tamima alisubiri. Alidhani Sudi atajisahihisha, ulimi hauna mfupa, hutokea. Viatu vilianza kulia kurudi kitini. Hapo ndipo alipoelewa.

Akasema hapana. Akasema tena kwa nguvu, hapana, si hilo, Sudi waambie. Ukumbi mzima ulisisimka kwa malezi aliyopewa binti huyu. Vigelegele vikapasuka. Aliinuka kulishika pazia, na Bi Somoe, bila ubaya wowote, akamkalia upindo wa kanga.

Waziri alitoa hotuba. Alisema leo historia imeandikwa, kwa sababu familia yenye mgonjwa, familia ambayo maadui wa maendeleo walitegemea iogope, imechagua umeme kwa hiari yake nyuma ya pazia. Alisema mgonjwa akipanda gari lisilo na moshi atakuwa amepona nusu. Kisha akakumbusha mila moja nzuri ya Wizara yake, na nyuma ya pazia Bi Tamima ndiyo kwanza aliisikia: mposaji aliyekataliwa haachwi aaibike, huchukuliwa na mshenga.

Sudi akakabidhiwa funguo za Mseto. Pazia lilikuwa na tundu dogo la nondo, na kwa tundu hilo dada yake alimwona akizipokea kwa mikono miwili. Hakugeuka kutazama pazia. Mtu asiyejua jambo angegeuka.

Waziri akaondoka na msafara wa magari marefu ya dizeli. Hayo, ilielezwa, yamepewa muda wa kuwaomboleza wenzao kabla hayajazikwa.

*

Bi Tamima aliporudi nyumbani alikuta uga wa Mzee Kheri umejaa watu na bendi. Wakaguzi walikuwa wameinusa pikapu. Ilikuwa inasubiri kupelekwa kaburini, imefunikwa sanda ya turubai, na Mzee Kheri alikuwa amelazimishwa kuisomea wasifu wa marehemu. Alipofika mahali pa kutaja wema wake alisema, "Ilikuwa inawaka," akashindwa kuendelea.

Sudi hakuja siku hiyo wala iliyofuata. Alipokuja alikuja na kifurushi cha halua, akakiweka mezani. Mseto aliliegesha mbali, kwenye kona, na Bi Tamima alikisikia kikohozi chake kabla halijazimwa. Alikijua kikohozi kile.

Sudi alizungumza sana. Alisema Radi ni gari la heshima, watu wazima wanaliulizia. Alisema Wizarani walitaka familia moja yenye mgonjwa ichague umeme, na aliyefanikisha angepanda daraja, naye amepanda. Alisema yeye naye ana mke na watoto, amechoka kwenda kazini kwa miguu na viatu hivi, na yeye ni mtu tu. Machano alikuwa kitandani kwake, mlango wazi, anasikia yote.

"Ungeniomba," alisema Bi Tamima.

"Ningekuomba, dada, ungekataa."

"Ningekataa. Kwa hiyo ulijua."

Sudi alitazama halua. Baadaye akasema asikasirike, gari ni gari, na ikitokea shida yeye yupo, ampigie simu saa yoyote, kwani yeye ni nani? Akaondoka. Ile halua ilikaa mezani, hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa, na Bi Tamima akawapa kuku.

Msiniulize alivyokuwa siku zile. Alikosea chumvi kwenye pilau la harusi, jambo ambalo Mwembeni haijawahi kuliona. Kama angesalitiwa na Waziri angelaani akalala, maana kulaani Serikali ni starehe ya bure. Lakini huyu ni mdogo wake, aliyempangusa kamasi kwa mkono wake. Alikuwa akiosha masufuria anasimama ghafla, sabuni inamtiririka, anamwona Sudi mdogo anakula kitumbua cha mwisho na yeye anamdanganya kwamba ameshiba.

Alikwenda Wizarani kuomba talaka. Karani wa Talaka na Matengenezo alimpokea vizuri sana, akamletea kiti. Ndoa ya gari, alimweleza, huvunjwa kwa urahisi mno, inahitajika tu ushahidi wa mshenga kwamba alitamka sivyo.

*

Jumatatu iliyofuata umeme ulikuwa mapumzikoni tangu Jumamosi. Radi lilikaa uani, jeupe, kimya, zuri. Machano hakuvushwa. Bi Tamima alikimbia mtaa mzima akitafuta chochote chenye magurudumu, akapata toroli la maji, na toroli halivuki Mlima Subira.

Jumanne miguu ya Machano ilivimba. Jumatano aliomba avuliwe pete ya ndoa kwa sababu inambana, akajaribu kumtania mkewe kwamba ameshamwacha, na wote wawili wakaona haikuchekesha. Umeme ulirudi kidogo usiku, ukaangalia mji, ukaenda zake. Alhamisi asubuhi Machano alikuwa anavuta pumzi kama anayepandisha ngazi, naye amelala.

Bi Tamima alichukua simu. Alikaa nayo mkononi. Jina la Sudi lilikuwa la kwanza, lilikuwa la kwanza tangu simu hiyo inunuliwe. Watu husema lisilobudi hutendwa, na wanalisema upesi, lakini kulitenda kulimchukua Bi Tamima muda mrefu. Akapiga.

Sudi alikuja mara moja. Hilo nisimnyime. Alikuja na kofia mpya ya daraja la pili, akamsaidia shemeji yake kuingia, akamfunga mkanda kwa upole, na uso wake ulikuwa mkunjufu kabisa, uso wa mtu aliyepewa nafasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni mwema. Bi Tamima alikaa nyuma, magoti yamekunjana, mkono wake umepita pembeni ya kiti umeshika bega la mumewe.

Mlimani Sudi alianza kusifia gari. Alimweleza dada yake kwamba hili, asilione hivi, likishuka mteremko linajikusanyia umeme lenyewe. Alimweleza kwamba kile kikohozi si ugonjwa, ni petroli inaamka. Alimweleza kwamba mshale wa mafuta haushuki, atazame mwenyewe, yaani gari la kwenda na kurudi. Alisema hivyo, kwa maneno hayo hayo, na hakusikia alichokisema. Machano alifumba macho. Bi Tamima alitazama nje barabara yote, nayo barabara alikuwa anaijua.

Walipofika wauguzi walitoka na kiti cha magurudumu, wakamkimbiza Machano ndani. Daktari alipita mbio akasema wamewahi, ila kwa unywele. Bi Tamima alibaki kidogo mlangoni mwa gari. Watu walikuwa wengi pale nje, wagonjwa na ndugu zao, wengine wanamfahamu kwa pilau lake. Akafungua fundo la kanga yake.

"Nauli kiasi gani?"

Sudi alicheka. Alidhani ni utani, akatafuta macho ya dada yake ili wacheke pamoja, akayapata, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Dada, mimi ni nduguyo."

"Nimekuuliza nauli."

Watu waliokuwa karibu waligeuka, maana kila mtu katika nchi ile, hata mtoto, anajua kwamba ndugu hamlipi ndugu nauli. Bi Tamima alitoa noti, akaiweka juu ya kiti alichokuwa amekaa mumewe, akaufunga mlango taratibu na kuingia hospitali. Sudi alikaa pale na injini imezimika.

Nasikia tangu siku ile Sudi huja kila Jumatatu na Alhamisi, hakosi, mvua au jua. Huwavusha, huwasubiri, huwarudisha, na Machano yu hai na maskhara yamemrudia nusu. Kila wakiteremka Bi Tamima huuliza kiasi gani, sauti ile ile aliyokuwa akiwaulizia watu bei ya vitumbua, na huweka noti juu ya kiti. Mara ya kwanza Sudi aliikimbilia na kumrudishia mlangoni, ikakataliwa. Mara ya pili aliiacha pale pale kwenye kiti mpaka jioni. Mwezi wa pili aliichukua akiangalia pembeni.

Siku hizi, wanasema, anatembea na chenji.